Shambulizi Huanza Kabla ya Kipyenga

Soka letu la pwani lina imani moja iliyoota mizizi kiasi kwamba hakuna anayeihoji: kulinda goli kunafundishwa, kufunga goli mtu huzaliwa nako. Sikiliza maelekezo yanayotolewa kabla ya mechi katika viwanja vya barabara ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta na Bunju, kupita Mapinga, Kerege na Zinga, hadi Mwanakalenge, Bagamoyo mjini. Beki ataambiwa mambo yanayoshikika: namba tisa wao asigeuke, mkabe mapema, ukipanda mwenzako abaki, mstari usivunjike. Zamu ya washambuliaji ikifika, lugha inageuka kuwa ya dua. Wapambane, wajiamini, boli litembee, nafasi ikipatikana waitumie. Ni maneno mazuri na yanasemwa kwa moyo, lakini ndani yake hakuna hata jambo moja ambalo kijana anaweza kulitenda dakika ya 17, mpira ukiwa mguuni na mabeki wawili mbele yake. Hoja ninayoitetea hapa ni ya kinyume. Kushambulia ndiyo sehemu ya mchezo inayodai maandalizi makubwa zaidi, na kocha ambaye hajaamua mashambulizi yake siku kadhaa kabla ya mechi hana cha kuamua siku ya mechi yenyewe, hata akisimama mstarini na kupaza sauti dakika zote 90.

Sababu iko katika maumbile ya kazi zenyewe. Beki hujibu kilichokwisha kutokea. Anauona mpira, anamwona mtu, anachagua, na mara nyingi kosa la mshambuliaji linamwokoa bila yeye kufanya lolote. Shambulizi linataka watu wawili au watatu wafanye jambo moja kwa wakati mmoja kabla mpira haujawaambia chochote. Tazama krosi ya kawaida kabisa. Winga anapoinua mguu, straika anatakiwa awe ameshaanza kukimbilia mlingoti wa karibu, namba kumi awe ameshachelewesha hatua zake ili apokee mpira wa kurudi nyuma, na winga wa upande wa pili awe ameshafika mlingoti wa mbali. Straika anayesubiri kuona mpira unaelekea wapi ndipo akimbie amechelewa, kwa sababu beki naye ameuona mpira huohuo kwa wakati huohuo. Mbio zilizoanza nusu sekunde mapema zinatokana na makubaliano, na makubaliano hayo hayafanyiki uwanjani wakati wa mechi. Kipaji cha mtu mmoja, hata kiwe kikubwa namna gani, hakimwambii mwenzake atakachofanya.

Rekodi ya Taifa Stars inafaa kusomwa kwa jicho hili. Katika Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 mjini Lagos, Tanzania ilipata bao katika kila mechi: ilifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, ikatoka sare ya 1-1 na Kodivaa. Ikangoja miaka 39 kurudi. Katika fainali za 2019 kule Misri na zile za 2023, zilizochezwa Januari 2024 kule Kodivaa, Stars ilicheza mechi sita, ikafunga mabao matatu, na mawili kati ya hayo yalipatikana siku moja dhidi ya Kenya. Mechi nne ziliisha bila Stars kupata bao. Uwezo wa mchezaji mmojammoja ulikuwepo, kwani Mbwana Samatta alikwenda Misri akiwa ametoka kutwaa ubingwa wa Ubelgiji na Genk. Haki itendeke pia kwa upande wa pili: Senegal na Algeria walioifunga Stars mwaka 2019 ndio waliokutana katika fainali ya mashindano yale, kwa hiyo kushindwa kuwafunga hakuhitaji maelezo marefu. Mechi yenye somo ni nyingine.

Ni ile ya Zambia, mjini San Pédro, tarehe 21 Januari 2024. Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Kuanzia hapo Stars ilikuwa na bao mkononi, mtu mmoja wa ziada, na kipindi kizima cha pili mbele yake. Bao la pili halikuja. Dakika ya 88, ndani ya lala salama, Zambia ikapata kona. Akaenda kuipiga Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa Simba na ambaye mguu wake ulijulikana kwa kila mtoto wa Kariakoo. Patson Daka akaruka, mpira ukatua wavuni, ikawa 1-1. Mjadala wa siku zile uliielekea kona ile kama kosa la ulinzi: nani alimwachia Daka, kipa alisimama wapi. Maswali hayo ni halali. Lakini yanaficha swali zito zaidi, la zile dakika 44 zilizotangulia kona. Timu yenye watu 10, iliyochoka, bado ilikuwa na mahali pa kukimbilia: mpigaji anayejulikana, mrukaji anayejulikana, na eneo ambalo mpira ungetua. Timu yenye watu 11 ilikuwa na uongozi wa kulinda, na uongozi wa kulinda hauwaambii washambuliaji la kufanya.

Kucheza dhidi ya watu 10 ni hali ambayo haitokei kila wiki, ila kila kocha anajua kwamba siku moja itatokea. Dawa yake inajulikana pia. Mawinga wote wawili wabaki kwenye chaki ili uwanja utanuke, mpira uhamishwe kutoka upande mmoja hadi mwingine bila haraka hadi wale 10 waanze kuchelewa, kisha kiungo mmoja aingie kwenye pengo linalofunguka kati ya beki wa pembeni na beki wa kati. Tatizo ni kwamba silka ya timu inayoongoza inavuta upande wa pili kabisa: kurudi nyuma, kubana, kuomba muda uishe. Silka haishindwi kwa kelele za benchi. Inashindwa na jambo lililofanywa mazoezini mara nyingi kiasi kwamba miguu inalikumbuka hata moyo unapoingiwa na hofu. Kwa hiyo kocha anayeandaa mashambulizi anapaswa kuandaa hali kwanza, kisha mbinu: tukiongoza, tukiwa nyuma kwa bao moja, tukiwa na mtu zaidi, tukiwa pungufu, zikibaki dakika 10.

Waliolitazama jambo hili kwa makini kuliko wote ni makocha wa kandanda la Kimarekani, mchezo usiochezwa kwetu lakini wenye funzo. Huko mchezo husimama baada ya kila jaribio, na kocha huchagua shambulizi linalofuata kutoka kwenye karatasi aliyoishika, akilitaja kwa jina ambalo wachezaji wote wanalijua. Bill Walsh, aliyeiongoza San Francisco 49ers kutwaa ubingwa wa Super Bowl katika misimu ya 1981, 1984 na 1988, alianza tangu akiwa kocha msaidizi Cincinnati kuandika mapema mashambulizi ya kufungulia mechi. Alianza na machache, na alipofika San Francisco orodha ilifika 25. Sababu zake zilikuwa mbili. Mtu huamua vizuri zaidi katikati ya wiki, akili ikiwa imetulia, kuliko uwanjani katikati ya kelele, presha na matokeo mabaya. Pili, mashambulizi ya mwanzo yalimwonyesha mpinzani anajibu vipi, na majibu hayo yalikuwa na thamani hata pale shambulizi lenyewe lilipokwama. Hii ya pili ndiyo tunayoikosa zaidi. Kwetu dakika 15 za kwanza huitwa za kusomana, lakini mpinzani hasomeki kwa kumtazama tu. Anasomeka kwa kuulizwa: mpelekee mpira nyuma ya beki wake wa kushoto mara mbili, uone nani anakuja kumsaidia na ni pengo gani analiacha.

Hapo ndipo hutolewa pingamizi la kwanza, nalo si dogo. Soka letu halisimami. Kocha hawezi kutaja shambulizi kila baada ya sekunde chache, na sheria yenyewe inampa eneo dogo la kusimama, mtu mmoja tu kwa wakati mmoja akiruhusiwa kutoa maelekezo. Ni kweli, na ndiyo maana maandalizi yana uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa Walsh. Yeye alikuwa na nafasi ya kurekebisha baada ya kila jaribio. Kocha wetu lazima amkabidhi mchezaji uwezo wa kutaja shambulizi, na uwezo huo haukabidhiwi kwa ishara za mikono kutoka kwenye benchi. Tena si kweli kwamba mpira wetu hausimami kabisa. Kuna kona, frikiki, mpira wa kurusha, goli kiki, na kuanza upya baada ya bao. Katika Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi yalifungwa mabao 169, na kiasi cha manne katika kila kumi yalitokana na mipira iliyokufa, penalti zikiwemo. Uingereza ya Gareth Southgate ilifika nusu fainali na kumaliza mashindano ikiwa na mabao 12, na tisa kati yake yalianzia hapo. Nyumbani pia, wafungaji bora wa Ligi Kuu wa misimu miwili mfululizo, Stephane Aziz Ki wa Yanga aliyefunga 21 msimu wa 2023/24 na Jean Charles Ahoua wa Simba aliyefunga 16 msimu wa 2024/25, ni viungo ambao timu zao ziliwakabidhi mipira hiyo. Anayeandaa kona na frikiki ameandaa sehemu kubwa ya magoli yake, na hilo linafanyika bila kumnunua mtu.

Ukanda huu una silaha zake ambazo haziandikwi kwenye vitabu vya makocha wa Ulaya. Mechi zetu huanza saa 10 alasiri, wakati upepo wa baharini umeshika kasi. Kusi likivuma, au kaskazi, mpira wa juu unaopigwa kutoka upande wa bahari hausafiri kama ule unaopigwa kutoka upande wa mashamba. Kona inayojipinda kuelekea golini kwa msaada wa upepo ni tishio. Kona hiyohiyo ikipigwa dhidi ya upepo inakufa kabla ya kufika mlingoti wa karibu, na afadhali ichezwe fupi. Kocha wa Bagamoyo anayekwenda uwanjani na orodha moja ameacha nusu ya kazi. Anahitaji orodha mbili, ya kucheza na upepo na ya kucheza dhidi yake, na nahodha wake ajue kabla ya sarafu kurushwa ni goli lipi linafaa kushambuliwa kipindi cha kwanza. Mchanga nao unafundisha. Soka la ufukweni, ambalo timu yetu ya taifa ilifika nalo hadi fainali za Afrika za 2018 kule Sharm el Sheikh, huchezwa na watu watano kila upande, frikiki haina ukuta, na kwa muda mrefu sheria zake zimetaka aliyechezewa rafu aipige mwenyewe. Katika mazingira hayo hakuna kocha anayeweza kumtegemea mpigaji mmoja. Kila mchezaji lazima aje na frikiki yake iliyokwisha kuandaliwa.

Pingamizi linalosemwa kwa hisia kali zaidi ni kwamba maandalizi ya namna hii yanaua kipaji. Mashabiki waliolelewa na mitindo ya pira biriani, na kabla yake kampa kampa tena, hawataki kuona vijana wanaokimbia kama wanaofuata mstari uliochorwa. Nawaelewa, kwa sababu uzuri wa soka la pwani ni mali ambayo haipaswi kutupwa. Lakini uzuri huo haukuwahi kuzaliwa katika vurugu. Bagamoyo ina mahali panapothibitisha hili kuliko uwanja wowote: TaSUBa, taasisi iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Katika ngoma, mpigaji mkuu hutoa mlio wa ishara na kundi zima hubadilisha hatua palepale. Katikati ya mpangilio huo mchezaji mahiri hujitokeza, huongeza la kwake, na watazamaji hupiga vigelegele. Ufundi wake unaonekana kwa sababu wenzake wamesimama pale walipopaswa kusimama. Wangekuwa wametawanyika kila mmoja na lake, la kwake lingepotea humohumo. Straika hana tofauti. Fiston Mayele alifunga mabao saba katika Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2022/23, Yanga ikafika fainali na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini tu. Sifa yake kubwa ilikuwa kuanza mbio kabla ya pasi kupigwa. Mtu hawezi kukimbia kabla ya pasi asipokuwa na hakika kwamba pasi inakuja, na hakika hiyo hujengwa mazoezini, kwa kurudia.

Wapo pia wanaosema kwamba kilichoandaliwa hujulikana, na kinachojulikana huzibwa. Kwa timu za Ligi Kuu hofu hiyo ina msingi. Tangu Azam Media waingie mkataba wa miaka 10 na TFF mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, kocha yeyote mwenye king'amuzi anaweza kuiona kona yako akiwa amekaa sebuleni. Jibu lake ni kuandaa shambulizi lenye mwanzo mmoja na miisho zaidi ya mmoja. Wapigaji wawili wasimame kwenye mpira uleule kila mara, mbio za kwanza ziwe zilezile, kisha ishara ndogo iamue kama mpira unakwenda mlingoti wa karibu, wa mbali, au unarudishwa kwa kiungo aliye nje ya boksi. Mpinzani aliyeuona mwanzo anadhani ameujua mwisho. Kwa ligi ya wilaya, ambako hakuna anayerekodi, hofu hiyo haina uzito wowote.

Hoja ya umaskini ndiyo inayostahili heshima kubwa kuliko zote. Kocha wa timu ya wilaya ana mipira michache, uwanja anaougawana na timu nyingine, na wachezaji ambao mmoja ametoka baharini, mwingine yuko kijiweni na bodaboda yake, wa tatu anatoka shuleni jioni. Hawafiki wote kwa siku moja. Anaambiwa aandae orodha ya mashambulizi kama klabu yenye wachambuzi na kompyuta? Naam, ila orodha yake iwe fupi. Mambo sita yanatosha: kona mbili, frikiki ya pembeni, mpira mmoja wa kurusha, goli kiki, na shambulizi moja la mpira unaotembea. Kila moja lipewe jina fupi la nyumbani ambalo mtu halisahau, Kaole, Saadani, Pangani, ili nahodha alitaje kwa neno moja. Mpira wa kurusha usidharauliwe, kwani sheria haina kuotea pale. Kijana mwenye mikono mirefu na mwenzake aliyetangulia nyuma ya mabeki wanaweza kuleta hatari kubwa bila gharama yoyote. Goli kiki nayo imebadilika tangu 2019, mpira ukiwa hai mara tu unapoguswa bila kulazimika kutoka nje ya boksi, na timu ambayo haijaamua itautumiaje uhuru huo itaendelea kubutua na kugombania mipira ya kichwa. Kurudia kona moja mara 20 hakumalizi hata nusu saa. Asiyefika Jumanne ataikuta Alhamisi, kwa sababu jina lake ni lilelile na nafasi yake ndani yake ni ileile. Mwenye wachezaji wa kubahatisha ndiye anayehitaji zaidi kitu kisichobadilika. Klabu tajiri inaweza kumudu kuacha mambo yajitengeneze kwa sababu inaweza kumnunua Aziz Ki. Timu ya Zinga haina njia hiyo.

Kazi ikishafanyika hivyo, siku ya mechi kocha anabaki na maamuzi machache, na uchache huo ndio unaomwezesha kuyafanya vizuri. Anatazama mambo mawili au matatu aliyoyauliza katika dakika za mwanzo. Anatumia mapumziko ya maji, ambayo joto la Januari na Februari hapa kwetu huyafanya ya lazima, kutaja jina moja tu kutoka kwenye orodha. Mchezaji anayehema na kumwagiwa maji kichwani hawezi kubeba hotuba, anaweza kubeba neno. Wachezaji wa akiba watano wanaoruhusiwa sasa anawachagua kwa kujua kila mmoja anaingia kufanya lipi: huyu ni kwa ajili ya mpira wa kurusha, yule kwa sababu tukiwa na mtu zaidi tunahitaji winga anayekaa kwenye chaki. Kocha anayezunguka mstarini akipiga kelele "fungeni, fungeni" anawapa wachezaji wake hofu yake mwenyewe, na hofu ni kitu ambacho tayari wanacho cha kutosha.

Ombi langu kwa makocha wa ligi za wilaya na mkoa wa Pwani, kwa walimu wanaoandaa timu za UMISSETA, na kwa TFF wanapowafunza makocha wa leseni ya D, ni kwamba siku moja kamili katika kila wiki ya mazoezi itengwe kwa kushambulia peke yake, na orodha iandikwe kwenye karatasi ambayo kila mchezaji ameisoma. Msimu ukiisha, ihesabiwe ni mabao mangapi yametoka kwenye karatasi ile na mangapi yamekuja kwa bahati, kisha orodha ya msimu unaofuata ianzie kwenye hesabu hiyo.